Nilivyohamisha seva zetu kutoka skripti za bash kwenda Ansible na timu ikaweza kuzigusa bila kunipigia simu

Seva nilizokabidhiwa zilikuwa kumi na kitu hivi, zote Ubuntu, na zote zilijengwa na skripti za bash (mafaili ya amri za Linux zinazofuatana) ambazo aliyeziandika alishaondoka zamani. Sio kwamba zilikuwa mbovu, zilifanya kazi, ila zilifanya kazi mara moja tu. Kuna moja ilikuwa inaweka setingi ya kenel (kiini cha Linux) kwa echo halafu >> /etc/sysctl.conf, yaani kila ukiiendesha inaongeza laini ileile chini, nimefungua faili nakuta laini imejirudia mpaka unachoka kuskroli. Kenel yenyewe haina shida, inabaki na ile ya mwisho, lakini siku unataka kubadilisha hiyo namba sasa ubadilishe ipi?

Nikachagua Ansible, programu ya kupanga seva nyingi kwa pamoja kutoka sehemu moja. Wenzake Puppet na Chef kawaida yake zinataka uweke ejenti, programu yao ndogo, kwenye kila seva, Ansible inaingia kwa SSH (njia ya kawaida ya kuingia seva kwa mbali) na inachohitaji kule ni Python ambayo Ubuntu inayo tayari, kwa timu ndogo kama yetu mjadala uliishia hapo.

Sharti nililoweka tangu mwanzo, na ndilo limebeba mengine yote, ni kwamba pleibuku (faili la Ansible lenye orodha ya kazi, yaani taski) ukiiendesha mara ya pili lazima iseme changed=0, yaani haijabadilisha kitu. Ikisema hata 1 kuna taski haijaandikwa vizuri na haiingii kwenye Git, tunakohifadhi kodi, mpaka ijulikane ni ipi. Hili sharti linakufanya uzikimbie moduli (zana za ndani ya Ansible) za shell na command, zinazoendesha amri yoyote ile, maana zile kila zikipita zinasema zimebadilisha kitu hata kama zimesoma tu, na pale zisipokwepeka nazipa creates ili ziruke kama faili lipo tayari, au changed_when: false kama amri ni ya kuangalia tu. Utamu wake unauona baadaye: tukaweka cron (ratiba ya Linux) inayoendesha --check --diff kila usiku, yaani Ansible inaonyesha tu ingebadilisha nini bila kubadilisha, kwa hiyo asubuhi ukikuta mabadiliko kwenye seva ambayo hakuna aliyeigusa kwa Ansible unajua kuna mtu kaingia akaedit kwa mkono, unamfuata taratibu unamuuliza, "Kaka, hii ilikuwa ya nini?" (Ila --check inaziruka shell na command nyingi, kwa hiyo pleibuku iliyojaa hizo ripoti yake haikuambii kitu.)

Moduli ya lineinfile wengi wanaipenda, mimi siipendi. Inatafuta laini ndani ya faili kwa regex (maelezo ya maandishi yanavyofanana), regex isipopata kitu kwa sababu mtu kaongeza nafasi mahali basi inabandika laini mpya chini, na hapo umerudi kwenye >> ileile ila sasa imevaa YAML, muundo wa mafaili ya Ansible. Bora faili zima liwe templeti ambayo Ansible inaijaza na kuiandika yote, au kama programu ina folda ya vipande uweke kipande chako humo. Na hapa kila programu ina tabia zake. Ukishazoea sysctl.d, folda ya setingi za kenel, ambako faili la mwisho ndilo linashinda, utaliita la SSH 99-usalama.conf ukidhani umemaliza. Kwa sshd, programu ya SSH upande wa seva, ni kinyume, thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inabaki, na image za Ubuntu za kwenye klaudi zinaweza kuwa na 50-cloud-init.conf inayoruhusu paswedi, kwa hiyo 99 yako inasomwa baadaye na haina kazi, wakati Ansible inasema kila kitu freshi. Sisi faili letu linaanza na 10, na taski inayofuata inaendesha sshd -T na kuangalia jibu, maana hilo ndilo sshd inalotumia kweli, sio kile unachodhani umeandika. Kwenye sudoers, faili la nani anaruhusiwa amri za admin, tumeweka validate yenye visudo -cf %s inayolikagua kwanza, faili likiwa na kosa halifiki kabisa mahali pake.

Handla, zile taski zinazoitwa pale tu kitu kikibadilika, mfano kuifanya seva ya wavuti nginx isome konfigi mpya, nazo zina mtego wao. Zinangoja mwisho wa plei (sehemu moja ya pleibuku), sasa taski ikifeli katikati handla haiendeshwi, ukirekebisha na kurudia Ansible inaona faili lipo sawa tayari, haiiti handla, na nginx inaendelea na konfigi ya zamani kimyakimya. Kwa konfigi nyeti tunatumia --force-handlers, au meta: flush_handlers inayoziendesha palepale baada ya templeti.

Variabo: Ansible ina ngazi zaidi ya 20 za nani anamshinda nani, na hakuna binadamu anazikumbuka usiku wa manane. Tukakubaliana sehemu mbili tu, defaults ya roli (roli ni fungu la taski za kitu kimoja, mfano nginx) na group_vars (za kundi la seva), ukiiweka pengine mwenzako anairudisha. Na jina lianze na jina la roli, nginx_port sio port, kwa sababu roli mbili zikitumia jina moja zinaweza kuingiliana. Namba kama 3.10 weka kwenye alama za nukuu la sivyo YAML inaisoma 3.1, na mode hivyohivyo, '0644'. Paswedi zipo ansible-vault, zimefichwa kwa msimbo, na majina ya variabo zake yote yanaanza na vault_ ili grep izipate.

Roli za kudownload nilizijaribu nikaziacha nyingi, zimeandikwa kwa kila distro (aina ya Linux) duniani, variabo mia kidogo, wewe unahitaji nne. Roli yako ya kurasa mbili dogo aliyeanza juzi anaisoma akaelewa. Zile chache tulizobaki nazo zimefungwa toleo kwenye requirements.yml.

Kubadilisha seva za kazi tunaanza na --limit seva moja, tunaangalia, halafu serial: 1, moja baada ya nyingine, kwa zilizobaki. Databesi tu ndiyo tumeiacha nusu makusudi: pleibuku inaandika konfigi ya PostgreSQL na handla inafanya reload (kusoma konfigi upya bila kuzima), lakini vitu kama shared_buffers, kumbukumbu ya databesi, vinataka restati, na restati ya databesi anaifanya mtu, kwa mkono, akiwa amewaambia watu wa huduma kwa wateja kwanza.