Kuwahi siti ya ndege kabla hujatoka nyumbani

Mwaka juzi nilisafiri na mama. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege ya safari ndefu, alikuwa anaenda kumuona mjukuu wake aliyezaliwa Uingereza. Mimi nasafiri sana kikazi, na kadi yangu ya uanachama kwenye hilo shirika (jina naliacha) ilikuwa Gold, ngazi ya wanaosafiri sana, kwa mwaka wa tatu mfululizo, kwahiyo kwenye suala la siti nikawa sina wasiwasi hata kidogo. Nikatuwekea siti mbili za safu ya mlango wa dharura maana pale mtu unanyoosha miguu vizuri, nikamwambia mama utalala mpaka ushangae.

Tumefika kaunta, yule dada akamwamkia mama shikamoo, akaangalia skrini, akamuangalia mama pale kwenye wilchea, akasema mama samahani, hii siti siwezi kukupa. Na alikuwa sahihi. Anayekaa kwenye mlango wa dharura lazima awe mtu anayeweza kuufungua ule mlango na kusaidia wenzie kutoka ikitokea shida, kwahiyo mtoto haruhusiwi, mjamzito haruhusiwi, mwenye kichanga haruhusiwi, na aliyeombewa wilchea haruhusiwi kabisa. Sasa kufikia hapo ndege imeshajaa. Zilizobaki ni siti za kati tu, tukapewa 41E na 41F, yaani katikati ya zile nne za katikati, kushoto kijana amejifunika blanketi mpaka kichwani, kulia kijana mwingine hivyo hivyo.

Kwa muda wa saa saba na nusu mama hakunyanyuka. Kila nikitaka kumuamsha yule wa pembeni, mama ananishika mkono, "Muache mtoto wa mwenzio alale." Maji akawa hanywi ili asipate haja ya kwenda chooni. Tumetua miguu imevimba, zile raba nyeupe tulizomnunulia Kariakoo haziingii, akashuka na soksi za ndege, raba kazibeba mkononi.

Ile picha ya raba mkononi haijanitoka mpaka leo. Ndio maana naandika hii, kwasababu watu wengi tunaosafiri mara kwa mara tunadhani kadi ndiyo inakupa siti. Kadi inakupa muda. Inakuruhusu uingie kuchagua mapema kuliko mwenzio, basi. Ni kama daladala ya Mbagala jioni, anayepata siti ni aliyewahi, na kadi inakusogeza tu karibu na mlango kabla gari halijasimama. Siti gani uingie kuishika, saa ngapi uingie, na uirudie kuiangalia mara ngapi, hayo ni yako.

Chukua mfano wa British Airways maana wao ngazi zao zinaonekana wazi. Abiria wa kawaida akitaka siti bure anasubiri mpaka saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Mwenye Bronze anafunguliwa siku 7 kabla. Mwenye Silver na Gold anachagua siku ile ile anayokata tiketi. Ndege ni ile ile, siti ni zile zile, kinachotofautiana ni nani ameingia lini. American Airlines nao hivyo hivyo, zile siti zao zenye nafasi zaidi ya miguu, mwenye Gold anazipata bure saa 24 kabla ila mwenye Platinum, ngazi iliyo juu yake, anazishika tangu anakata tiketi. Kwahiyo huyo wa Gold akiingia anakuta mabaki ya Platinum, na asipojua hilo atalalamika kwamba kadi yake haina faida.

Huku kwetu wengi tunapita Dubai, na Emirates tangu 2016 ukiwa na zile tiketi za bei ya chini kuchagua siti mapema unalipia. Cheki-in ya mtandaoni (kujiandikisha kwa safari) inafunguka saa 48 kabla na hapo siti za kawaida ni bure kwa kila mtu. Ukiwa na Silver ya Skywards, yaani uanachama wa Emirates, ambayo unaipata kwa maili 25,000 za kupandia ngazi au safari 25, hiyo ada ya siti za kawaida haikuhusu. Watu wanaziona hizi Silver kama kadi ndogo wakati kwa mfanyabiashara anayekwenda kila baada ya miezi 2 au 3 hicho pekee kinatosha kumfanya asitawanye safari zake kwenye mashirika manne tofauti kila mara akifuata nafuu ya dola 20.

Halafu kuna suala la namba ya uanachama. Hili linawaumiza watu sana, hasa tunaokatiwa tiketi na ejenti. Ejenti anakata tiketi, anakutumia wasap, wewe unaona jina lako lipo na tarehe ipo unatulia, kumbe namba yako ya uanachama hajaiweka, kwahiyo mfumo unakuona abiria wa kawaida na unakudai hela ya siti kama wengine. Ukipata tiketi tu ingia kwenye apu ya shirika na ile namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu 6, weka namba yako ya uanachama, toka, ingia tena, ndio uangalie ramani ya siti. Na kama ndege inayokubeba ni ya shirika lingine, mfano umenunua Emirates ila kipande kimoja unabebwa na flydubai, kuna wakati unahitaji namba ya bukingi ya upande wa pili, waombe, wanakupa. Na jua ndege zenyewe hazifanani, flydubai ni Boeing 737, siti tatu huku tatu kule, wakati Boeing 777 ya Emirates ni tatu nne tatu.

Bukingi moja au mbili? Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa. Tiketi ya mama alinunua kaka yangu akiwa kule kule Uingereza, yangu nikanunua mwenyewe, kwahiyo kwa macho ya mfumo mimi na mama hatujuani. Mashirika mengi faida ya siti inamfikia na mwenzio mkiwa kwenye bukingi moja, mkiwa mbalimbali kadi yako inaishia kwako. Mama ile siti nilimlipia, na hela ilirudi baada ya barua pepe mbili, sawa, lakini mambo yangekuwa tofauti tungekuwa pamoja tangu mwanzo na nisingekazania ule mlango wa dharura.

Sasa ramani yenyewe. Ukiifungua ukaona imejaa usikate tamaa na ukiona nyeupe tupu usifurahi haraka. Ile inayoonekana imejaa mara nyingi kuna siti zimeshikiliwa tu, nyingine ni za familia zenye vichanga maana kile kitanda cha mtoto kinaning'inizwa kwenye ukuta wa mbele pale, nyingine za watu wenye shida ya kutembea, nyingine zinaachwa mikononi mwa watu wa uwanjani, na kuna mashirika yanazuia siti ya kati iliyo jirani na mwanachama wa ngazi ya juu mpaka ndege ikaribie kujaa. Na ile inayoonekana tupu, jua kuna watu kibao wamenunua tiketi za bei ya chini hawajachagua siti, wao mfumo unawapangia mwishoni, kwahiyo siku 5 kabla unaona safu nzima wazi na siku ya safari mmebanana kama dagaa.

Siti nzuri zinarudi sokoni kwa mafungu. Kuna zinazofunguka cheki-in ikianza. Kuna zinazoachwa wazi pale wenye kadi kubwa wanapopandishwa bizinesi, maana wao ndio walikuwa wameshika siti bora za ekonomi, mtu akihamia mbele ile yake inabaki, na hii inatokea kuanzia siku moja kabla mpaka getini. Halafu kuna fungu la mwisho kaunta zikishafunga na wakajua nani hajatokea, hapo ukienda getini ukamuomba mhudumu kwa adabu mara nyingi anakutafutia. Mimi naangalia nikikata tiketi, naangalia tena siku 3 kabla, dakika ile cheki-in inapofunguka, usiku kabla ya kulala, na nikifika uwanjani. Hesabu saa kwa muda wa mji ndege inapoondokea. Ndege ya kutoka Dar saa 10:45 jioni siku ya Ijumaa, saa 48 kabla ni Jumatano saa 10:45 jioni ya Dar, naweka alamu saa 10:40, naacha kazi, nakaa na simu.

Kitu kingine kinachowakuta watu ni kubadilishiwa ndege. Umechagua siti miezi 4 kabla, umeridhika, hujaangalia tena, kumbe shirika limebadilisha ndege na siti zote zimepangwa upya na mfumo. Herufi nazo zinakudanganya, kwenye 777 ya safu ya watu 10 siti ya D ni ya koridoni, ukihamishiwa ndege ya watu 6 kwa safu D inabaki koridoni, ila ile E uliyoizoea kwenye zile nne za katikati inakuwa siti ya kati kwenye zile tatu za pembeni. Herufi I huwezi kuiona kabisa kwasababu inafanana na 1, na Lufthansa hawana hata safu ya 13 wala ya 17. Ukipata meseji yoyote ya mabadiliko ya ratiba, hata ya dakika 10, fungua uangalie siti.

Siti gani nashika? Mkiwa wawili kwenye 777 chukueni C na D za safu moja, mnatenganishwa na korido tu, mnaongea, mnapeana vitu, na kila mmoja ananyanyuka bila kumuomba mtu. Wapenda dirisha, zile safu chache za mwisho kwenye 777 nyingi ndege inabana kuelekea mkiani ndio maana pembeni kuna siti mbili badala ya tatu, nzuri sana kwa mke na mume ingawa mko karibu na vyoo. Siti za ukutani mbele watu wanazikimbilia lakini mkono wa siti haunyanyuki maana meza ya chakula imo humo humo, na mkoba huwezi kuuweka chini wakati wa kuruka, na vichanga mtakuwa navyo. Kwa safari za ndani za ndege ndogo za ATR kama za Precision Air mlango wa abiria uko nyuma, kwahiyo anayekaa nyuma ndiye anayetoka kwanza, na bado naona watu wanagombania mbele.

Ila kwa mzazi, koridoni. Shirika la Afya Duniani walishatoa taarifa 2007 kwamba ukisafiri zaidi ya saa 4 umekaa bila kujongea hatari ya damu kuganda miguuni inakaribia kuongezeka mara mbili, na mtu wa miaka 71 anayeona aibu kumuamsha jirani hatajongea hata umsihi vipi. Nina hasira kidogo na hili, sioni kwanini mzee mwenye magoti mabovu siti ya koridoni iwe kitu cha kununua. Lakini njia ipo. Ukiombea wilchea usiishie kwenye kubofya tu kwenye apu, piga simu, sema mama yangu magoti hayakunji vizuri anahitaji siti ya koridoni, wana siti wanazozishikilia kwa ajili hiyo hiyo na hazionekani kwenye ramani yako.

Safari ya kurudi nilifanya hivyo. Nilipiga simu siku 12 kabla nikawaomba waandike kwenye bukingi zetu mbili kwamba tunasafiri pamoja, dada wa kwenye simu akamuwekea mama 31C bila hela yoyote, mimi kadi yangu ikanipa 31D. Cheki-in ilipofunguka nikaangalia, bado zipo. Usiku kabla ya safari nikaangalia tena, zipo. Uwanjani nikamuuliza tena yule kaka wa kaunta, akacheka, akasema zipo mama, 31C na 31D.

Kwenye saa 8 za usiku hivi nikashtuka usingizini, siti ya mama tupu. Nikageuka, nikamuona kule nyuma karibu na jiko la wahudumu amesimama na glasi ya maji, amevaa zile raba, anamuonyesha mhudumu mmoja picha za mjukuu kwenye simu.