Maneno kabla ya mahadhi: Rodgers na Hammerstein kwa watunzi wa Bagamoyo

Anayeangalia Liverpool kwenye kibanda umiza anaujua ule wimbo unaoimbwa Anfield kabla ya mpira kuanza, skafu zikiwa juu. Haukutungwa kwa ajili ya mpira. Umetoka kwenye Carousel, mchezo wa jukwaani wa mwaka 1945, na pale anaimbiwa mwanamke ambaye mumewe amekata roho punde tu. Mahadhi ni ya Richard Rodgers, maneno ni ya Oscar Hammerstein. Wimbo uliotungiwa mjane mmoja umekuwa wa uwanja mzima.

Walianza pamoja na Oklahoma! mwaka 1943, iliyochezwa New York mara 2,212, wakamalizia na The Sound of Music mwaka 1959. Hammerstein alifariki mwaka uliofuata. Kwa anayetunga tamthilia ya nyimbo hapa Bagamoyo, kinachofaa zaidi kuiga kwao ni mpangilio wa kazi.

Rodgers alipokuwa na mshirika wake wa kwanza, Lorenz Hart, mahadhi ndiyo yaliyotangulia. Kwa Hammerstein maneno yalitangulia. Aliyekulia kwenye taarab hashangai: malenga huleta shairi, ndipo lianze kutafutiwa mahadhi. Siku hizi biti hutengenezwa kwanza, halafu maneno yanasukumwa humo kama magunia kwenye daladala. Kwa wimbo wa dansi hainidhuru. Kwa tamthilia ni hasara, maana mhusika anaishia kusema kile ambacho biti imemruhusu kusema.

Kwa hiyo andika kisa chote kwa mazungumzo ya kawaida, bila wimbo hata mmoja. Kisha pitia ukitafuta pale ambapo mtu anataka kusema jambo na maneno ya kawaida hayamtoshi. Hapo ndipo penye wimbo. Kila wimbo ukishatungwa, uondoe, kisa kisomwe bila huo. Kikisimama vilevile, ule ulikuwa pambo. Halafu mpe mhusika mwingine auimbe. Ukimkaa sawa naye, maneno bado ni mepesi.

Angalia pia wanavyofungua pazia. Michezo ya muziki ya New York ilizoea kuanza na kundi la wasichana wanaocheza. Oklahoma! inaanza na mama mtu mzima peke yake akisukasuka maziwa apate siagi, na sauti ya mwanamume inasikika kutoka nje ya jukwaa, ikisifu asubuhi. Hammerstein aliyapata maneno hayo kwenye maelezo ya jukwaa ya Lynn Riggs, mwandishi wa mchezo waliouchukua, na mistari inarudiwa mara mbilimbili kama tunavyorudia kwenye ngoma. Hapa kwetu mazoea ni kuanza na ngoma zote kwa pamoja. Jaribu mama mmoja anayepaa samaki ufukweni, na sauti ya baharia inayomjia kwa mbali. Watu watanyamaza wenyewe.

Sasa mkazo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chukua mstari wa mizani nane: *Bahari rudisha wangu*. Mkazo wa Kiswahili uko silabi ya pili kutoka mwisho, yaani *ha*, *di* na *wa*. Pigia mstari silabi hizo kabla karatasi haijafika kwa mtunga mahadhi, naye aziweke kwenye pigo zito au noti ndefu. Akiirefusha *ba*, mwimbaji ataimba neno kama mgeni aliyeshuka jana. Kuhesabu mizani peke yake hakutoshi: mistari miwili yenye mizani nane kila mmoja inaweza kuwa na mikazo sehemu tofauti, na beti ya pili ikagoma kukaa kwenye mahadhi ya beti ya kwanza.

Mwisho wa mstari ni mtihani mwingine. Kiingereza kina maneno mengi yenye mkazo mwishoni, kwa hiyo mahadhi ya Rodgers mara nyingi yanaishia kwenye noti moja ndefu. Ukiweka Kiswahili pale, silabi dhaifu ndiyo inayobeba mzigo. Igawe noti hiyo: sehemu kubwa iende kwa silabi yenye mkazo, ya mwisho ipewe kipande kidogo. Kwa irabu sisi tuna bahati. Hammerstein aliandika kwamba wimbo wake mmoja wa Carousel haukupendwa sana kwa sababu neno la mwisho linafungwa na sauti ya *k*, mwimbaji hawezi kulishikilia. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu.

Katika mchezo huohuo wawili wanaopendana hawaambiani. Wanaimba tu ingekuwaje kama wangependana. Huo ni wimbo wa *-nge-* mwanzo hadi mwisho, na kwa watu wa mafumbo kama sisi ni mlango uliokwisha kufunguliwa.

Kwenye mazoezi, beti ya kwanza iimbwe bila ngoma kubwa, maana msikilizaji akikosa maneno ya mwanzo hayapati tena. Jukwaa likiwa wazi kwa upepo wa bahari, weka ngoma upande ambao upepo unazibeba mbali na watazamaji. Na ukitaka kucheza kazi zao zenyewe, hata kwa tafsiri, omba kibali Concord Theatricals kabla ya mazoezi kuanza.

Kwa zoezi la wanafunzi, tungeni wimbo wenu wa noti: do, re, mi, fa, so, la, ti. Ule wa The Sound of Music unaanza kila kifungu kwa noti inayotajwa, na maneno yake ni mchezo wa sauti za Kiingereza, hayatafsiriki. Tafuteni maneno ya silabi mbili, ili mkazo uangukie noti yenyewe: dodo, reli, mimi, faru, soko, lala, tiba. *Tikiti* linavutia, lakini mkazo wake uko kwenye *ki*, na mtoto ataimba noti ya *ti* bila kuisikia. Baada ya *tiba* rudini kwenye *dodo*, safari hii *do* ya juu, iliyo nusu hatua tu kutoka *ti*.