Nilivyozisaka saa zinazopotea kati ya Dar na Tunduma

Bosi alikuwa tayari kununua vichwa viwili vipya vya malori. Wateja walikuwa wanalalamika kila wiki kwamba mizigo yao inachelewa, na mtu wa kawaida akisikia mizigo inachelewa atasema ongeza magari. Mimi ndiye niliyekuwa napanga safari pale yadini: malori 12, yanatoka Dar es Salaam kwenda Zambia, machache yanaunganisha mpaka Congo. Jioni nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya usafirishaji, na nilikuwa natafuta mada ya utafiti. Nikamwomba bosi anipe miezi mitatu kabla hajasaini mkopo.

Nilimwandikia hesabu kwenye karatasi. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ulikuwa unatuchukua kama siku 20. Malori 12 kwa siku 20 yanatoa safari 18 kwa mwezi. Mzunguko ukishuka hadi siku 16, malori yaleyale yanatoa safari 22 na nusu, na hujanunua hata tairi. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu. "Sasa hizo siku nne utazitoa wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, ila nina hakika zipo.

Hakika hiyo niliitoa barabarani. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900: Chalinze, Morogoro, Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, kisha mpakani. Lori kubwa mwisho wake ni kilometa 80 kwa saa, makazi ya watu 50, na milimani linatambaa. Chukua wastani wa 45 tu. Hizo ni saa 20 za kuendesha, siku mbili kwa dereva anayelala usiku. Lakini malori yetu yalikuwa yanafika siku ya tano tangu yapakiwe, na mengine yanafika siku ya sita.

Nikaanza na GPS. Kila lori lilikuwa na kifaa kinachotuma mahali lilipo kila dakika tano, na kwa miaka miwili tulikuwa tunakitumia kwa jambo moja tu, kujua kama gari limeibiwa. Nikashusha kumbukumbu zote kwenye Excel, nikaweka kanuni yangu: lori likisimama zaidi ya dakika 15, hicho ni kituo, nihesabu. Usiku wa kwanza nilikaa mpaka saa nane. Ramani ilijaa nukta. Kila nukta ilinionyesha lori limesimama wapi na kwa muda gani, lakini kwa nini limesimama, ramani haijui. Saa tatu Ruaha Mbuyuni inaweza kuwa pancha, usingizi, chakula, au gari la mtu mwingine lililolala katikati ya Kitonga likafunga njia. Anayejua ni dereva na utingo wake.

Kwa hiyo nikatengeneza daftari. Safu nne tu: mahali, saa ya kusimama, saa ya kuondoka, sababu. Nikaahidi posho ndogo kwa kila daftari litakalorudi limejaa, na hapo ndipo nilipokosea. Yalirudi yamejaa yote. Nilipoyafungua nikaona mwandiko wa kalamu moja toka Dar hadi Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mstari haujayumba, vituo vyote nusu saa nusu saa. Yalikuwa yamejazwa siku ya kurudi, mtu amekaa mezani.

Niliwakusanya madereva pale chini ya mwembe wa yadi nikawauliza. Wakanyamaza. Mzee mmoja, dereva aliyeanza kazi hiyo mimi sijazaliwa, ndiye aliyevunja ukimya. "Dada, daftari hili kesho litakuwa ushahidi. Utaona nimesimama Mafinga saa mbili, bosi atasema nimeuza mafuta." Alikuwa na haki. Nisingekuwa mimi ninayeandika nami ningeogopa. Tukakubaliana pale pale: hakuna jina, hakuna namba ya gari kwenye ripoti, hakuna swali la mafuta, na posho inalipwa hata kama daftari ni tupu. Nikambembeleza bosi aje aseme hayo kwa mdomo wake mbele yao. Akaja, akasema.

Kuandika nako tukakuacha. Utingo anatuma sauti ya WhatsApp: tumesimama hapa, sababu hii. Sehemu isiyo na mtandao anarekodi, inakuja yenyewe mbele ya safari. Kwa wiki chache nikapata mambo ambayo miaka miwili ya GPS haikuwahi kunipa.

Saa zenyewe zilinisumbua kuliko nilivyotegemea, na yeyote atakayefanya kazi kama hii kwetu ajiandae. Utingo akisema "tumefika saa nne", ni saa nne ya asubuhi au ya usiku? GPS nayo inaandika 10:00 au 22:00. Nilijifunza kuwaomba wataje kipindi kila mara, alfajiri, mchana, usiku. Nikadhani nimemaliza, kumbe bado kulikuwa na mpaka. Niliona kwenye jedwali langu lori moja limeingia Nakonde nusu saa kabla ya kufika Tunduma. La pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Nilikagua fomula zote, nikafuta nikaanza upya. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikishika mnara wa ng'ambo inajirudisha yenyewe. Kusubiri kwetu kote pale mpakani kulikuwa kumeandikwa pungufu kwa saa moja. Tangu hapo kila muda naugeuza kuwa wa Dar kabla sijagusa kitu kingine.

Taasisi zinazosimamia shoroba, yaani njia kuu za mizigo toka bandarini kwenda nchi za ndani, ya Ushoroba wa Kati iliyoko Dar es Salaam na ya Kaskazini iliyoko Mombasa, hugawa safari ya mzigo vipande vipande, bandarini, njiani, mpakani, ili kila kipande kipimwe peke yake. Nilifuata mgawanyo huo, kisha nikaongeza kipande changu: yadini kwetu na ghalani, tangu mteja aseme mzigo uko tayari mpaka tairi la kwanza lizunguke. Nilikiongeza kwa kukamilisha tu. Ndicho kilichokuja kuwa kirefu kuliko vyote nilivyopima.

Lakini kwanza nilitaka kuona kwa macho. Nikapanda na yule mzee na utingo wake, mbolea magunia 600 ya kilo 50, tani 30 kamili. Tulipofika mzani wa Vigwaza tukaingizwa pembeni. Jumla yetu ilikuwa tani 47, na gari la ekseli sita kama letu, yaani mistari sita ya magurudumu toka mbele hadi nyuma, linaruhusiwa mpaka 50. Nikashangaa tunazuiwa nini. Mzee akaniita nyuma ya trela. "Jumla haina shida, dada. Tumezidi huku mkiani."

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, haitazami jumla peke yake. Ekseli ya mbele ya usukani mwisho tani 8, zile mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za trela 24. Sisi zile mbili zilikuwa na tani 14 tu, na zile tatu zilikuwa na 25.9. Makuli wa ghalani walikuwa wamepanga magunia sawasawa toka kichwani hadi mkiani, kazi safi ya kupendeza, na usawa ule ndio uliotuponza, kwa sababu trela lenyewe kwa umbo lake linaegemea nyuma.

Tulisubiri makuli. Walipokuja mvua ikaanza, turubai haliwezi kufunguliwa juu ya mbolea. Ilipokatika, wakahamisha magunia 40 toka mkiani wakayabebesha juu ya yale ya mbele. Arobaini, kati ya mia sita. Tukarudi kwenye mzani: 23.2. Tulipita. Saa nilizoandika pale zilikuwa saba, na kabla ya safari ile ningesema bila wasiwasi kwamba mizani inatuchelewesha. Gari lilitoka Dar limeshakosewa, mzani umetuambia tu.

Dawa yake ilikuwa kopo la rangi nyeupe. Tulichora mstari ndani ya kila trela, mita moja kabla ya mkia: gunia lisivuke hapa, mbele pandisha juu. Makuli walilalamika, na walilalamika kwa haki, kurusha gunia mstari mmoja juu zaidi mchana kutwa ni kuumiza mgongo. Tukawaongezea malipo kidogo kwa kila gari. Huwezi kuwaomba watu wabebe hasara yako kwenye mabega yao bure.

Njiani kulikobaki sina mengi ya kusema. Kitonga siku ile ilikuwa wazi. Tulilala Makambako, mimi gesti, wao garini kwa ajili ya ulinzi wa mzigo.

Tunduma ndiyo ilinifundisha jambo la mwisho. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019, na kwa utaratibu wake lori linaloingia Zambia halisimami upande wetu kisha upande wao, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja Nakonde. Mimi kichwani nilikuwa nasubiri kuona maafisa wanazembea. Niliyoyaona ni malori kwenye foleni ambayo madereva wake wanapigia simu ofisini kwao Dar wakiuliza nyaraka ziko wapi. Na sisi tulikuwa mmoja wao! Wakala wetu wa forodha wa Nakonde alikuwa anapata karatasi siku gari linapofika. Zambia inaruhusu mzigo kutangazwa forodha kabla haujafika mpakani. Sisi tulikuwa na siku mbili nzima za gari kuwa barabarani, tunazitumia kukaa.

Nilirudi kwa basi, nikafungua jedwali langu sehemu ile ya yadini. Mzigo ulikuwa unapakiwa, ndipo mtu anaanza kushughulikia nyaraka. Gari linasimama na mzigo juu, tairi zinalemewa, dereva yuko kwenye posho, na karani wetu anasubiri barua pepe ya mteja ambayo hakuna aliyemwomba mapema. Tena karibu magari yote tulikuwa tunayaachia Ijumaa jioni, desturi tu, kwa hiyo yote yanafika mpakani kwa pamoja yakishindana yenyewe kwa wakala mmoja. Mambo hayo yote mawili yalikuwa yananihusu mimi. Ratiba ya Ijumaa nilikuwa naiandika kwa mkono wangu. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimewahi kumfokea dereva kwenye simu kwa kuchelewa kulikoanzia kwenye meza yangu. Nilimtafuta nikamwomba radhi.

Tulibadili mambo matatu kwa zamu, moja kwa mwezi, ili nijue lipi limeleta nini. Mstari mweupe kwanza. Kisha nyaraka: gari halipangiwi ghala kabla karatasi hazijakamilika, na siku linapotoka Dar nakala zinakwenda Nakonde usiku uleule. Kisha kuachia gari lisilozidi moja kwa siku, siku sita za wiki. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu, wateja wengine hawataki kupakia Jumatatu na siwalaumu, nao wana stoo zao na watu wao. Nilijaribu pia kutafuta mzigo wa kurudi nao, shaba hasa, ili magari yasirudi matupu. Hapo sikufanikiwa. Kampuni ndogo haina wingi wa magari ambao wenye shaba wanautaka.

Mwezi wa nne tangu tuanze kubadili mambo, mzunguko wetu ulikuwa siku 17. Siyo 16 niliyomwahidi bosi kwenye karatasi, na nilimpelekea namba hiyohiyo bila kuipamba. Mkopo hakuusaini. Sehemu ya fedha aliyokuwa ameitenga kwa malipo ya mwanzo ilikwenda kwenye tairi na kwenye bima ya afya ya madereva na utingo, jambo ambalo mimi sikuliomba, walilileta wenyewe kwenye kikao cha chini ya mwembe.

Kilichobaki ni Nakonde. Nyaraka sasa zinatangulia, lakini bado kuna magari yanakaa siku nzima baada ya kila kitu kukamilika, na sauti za utingo zinasema "tunasubiri" bila kusema nini. Nimemwomba wakala aniandikie saa ya kila hatua, ya Dar, kwa magari kumi yajayo. Jana ameniletea la kwanza.