Malkia wa Jirani

Katika nyumba yetu hapa Shangani, Mtwara, ushabiki ni wa mpira wa miguu, nao umekwisha kugawanywa tangu zamani baina ya Simba na Yanga, hata mtoto akizaliwa hukuta upande wake unamsubiri. Kwa hiyo nashangaa mwenyewe kuona kwamba timu inayonikosesha usingizi siku hizi ni ya wanawake, ni ya mpira wa wavu, na, la kushangaza zaidi, ni ya Kenya.

Mambo yalianza Julai 2024, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Nilikuwa kwa mama ntilie nikisubiri wali ambao ulikuwa bado jikoni, na runinga ilikuwa ikionyesha Malkia Strikers, ndiyo timu hiyo ya Kenya, wakicheza na Brazili. Walifungwa seti tatu kwa bila. Baadaye wakafungwa hivyo hivyo na Poland, kisha na Japani, wakarudi nyumbani bila kupata seti hata moja. Anayesoma matokeo hayo bila kuutazama mchezo wenyewe atadhani walikwenda kutembea. Hata hivyo, timu zote tatu walizopangiwa zilikuwa zimefika nusu fainali ya Ligi ya Mataifa ya mpira wa wavu mwezi mmoja tu kabla, kwa hiyo sijui ni nani aliyetaka wapangiwe kundi gumu kuliko hilo.

Kilichoninasa kilikuwa kazi ya mchezaji mmoja anayevaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, yaani libero. Sheria zinamkataza kuzuia mpira juu ya wavu, na hata kuushambulia ukiwa juu ya kimo cha wavu, ambacho kwa wanawake ni mita 2.24. Kazi yake ni kuokoa. Nilimwona amekunja magoti, visigino havigusi chini, vigasha vimeunganishwa mbele yake. Mbrazili akaruka na kupiga smashi ambayo mimi niliiona ikiwa imekwisha kufika, naye akasogea hatua moja tu ubavuni, mpira ukamgonga kwenye vigasha na kupanda taratibu hadi kichwani mwa mwenzake anayepanga mashambulizi, kana kwamba umerushwa kwa mkono. Pointi ile Kenya waliipoteza baada ya pigo jingine, na hakuna jedwali la matokeo linaloandika kwamba mpira ule uliokolewa. Jina la Agripina Kundu, libero wa Kenya, nililijua baadaye, na tangu hapo mechi ikianza humtafuta yeye kwanza.

Lipo na jambo la saa. Katika ligi ya mpira wa miguu nimechoka kumtazama kipa wa timu inayoongoza akijilaza chini dakika ya themanini, akishika paja ambalo halikuguswa na mtu. Katika mpira wa wavu hila hiyo haina faida, kwa kuwa hakuna muda wa kusubiri uishe: timu inayoongoza ikiwa na pointi 24 bado inalazimika kuitafuta ya 25 ili ishinde seti, na kwa tofauti ya pointi mbili, huku mpira hauruhusiwi kushikwa wala kuguswa zaidi ya mara tatu upande mmoja.

Nilipoanza kuifuatilia historia yao ndipo nilipoelewa kwamba hawa si watu wa kuhurumiwa. Walipoteza fainali tatu za Afrika mfululizo, 2017, 2019 na 2021, zote kwa Kameruni. Mwaka 2023 mashindano yakafanyika Yaoundé, katika ardhi ya Kameruni wenyewe, na Kenya wakaondoka na kombe kwa kuwafunga Misri seti tatu kwa bila katika fainali. Hilo lilikuwa taji lao la kumi.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kila mtu hapa humwita Babu, hakulipenda jambo hili.

“Mjukuu wangu, hao si ndio Wakenya?”

“Ndio, Babu.”

“Na siku wakikutana na sisi?”

Nilimjibu kwamba siku hiyo nitakuwa upande wa Tanzania bila kusita, na kwamba ningefurahi sana siku hiyo ifike mapema, tena kwenye fainali. Akacheka, ila hakuniuliza tena.

Shuleni wasichana wetu wengi huishia kwenye netiboli, ambayo sina ubaya nayo. Lakini jioni wapo wachache wanaofunga kamba kati ya minazi miwili pale ufukweni na kucheza wavu mchangani, wakibishana kila mara kama mpira umepita juu ya kamba au chini yake. Juzi mmoja wao alikuwa akipokea mpira kwa ngumi, nao ukimkimbia kila upande. Nikamwonyesha namna ya kuunganisha vigasha na kukunja magoti. Akaniuliza nimecheza timu gani.