Nilivyoachana na waya wa gia, na gurudumu la mtumba lililonitoa kwenye shida

Kidole gumba changu cha kulia kilivunjika mwaka 2021, nilipogongana na bodaboda pale Mabatini, hapa Mwanza. Kilipona, ila nguvu yake haikurudi. Baiskeli yangu ya milimani ilikuwa na shifta (kibonyezo cha gia kwenye usukani) ya waya, na waya wenyewe, kwa vumbi la kiangazi na tope la masika, haukumaliza miezi mitatu bila kuwa mgumu. Sasa fikiria vilima vya Bwiru: mawe, kapando, kamteremko, kapando tena. Unabonyeza gia hujapumzika. Nikirudi nyumbani kidole kimevimba, hata kukata tonge la ugali ni kazi.

Nikaamua kuweka gia za umeme zisizo na waya. Nilipoanza kuuliza, ushauri nilioupata karibu unikatishe tamaa. Kuna aliyesema zitakufa mvua ya kwanza tu. Muuza baiskeli mmoja alinipigia hesabu ya gurudumu jipya la nyuma, kaseti (yale meno ya nyuma) mpya, cheni mpya, mpaka jumla ikaipita bei ya baiskeli nzima. Hilo liliniudhi, na linaniudhi hadi leo, kwa sababu si kweli. Baiskeli yangu ilikuja na NX Eagle ya gia 12 ya kampuni ya SRAM, kaseti ya meno 11 hadi 50, ile inayokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya kawaida. Deraila, yaani kile kinachohamisha cheni, ya umeme ya GX Eagle AXS, iliyotoka 2021, inafanya kazi na kaseti hiyohiyo na cheni hiyohiyo. Unabadili deraila na shifta, basi. Mwingine alitaka kuniuzia Transmission, mfumo mwingine wa gia za umeme wa SRAM, ya mwaka 2023. Ni nzuri sana, lakini ile inafungwa moja kwa moja kwenye fremu iliyotengenezwa kwa mfumo wa UDH (kiwango kimoja cha hanga, yaani kishikio cha deraila), na fremu yangu ni ya zamani, ina hanga yake ya kawaida. Ningeishia kuiweka kabatini. Kabla hujatoa hela, tazama fremu yako kwanza.

Nilipata seti iliyotumika kidogo, milioni moja na ushee ukijumlisha na shukrani ya binamu yangu aliyenibebea kutoka Uingereza. Nilimwambia mapema betri aiweke kwenye begi la mkononi, maana betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Kufunga kulichukua jioni moja. Tundu la fremu ulikopita waya nililiziba kwa kipande cha tyubu ili maji yasiingie. Kisha nikashikilia kitufe cha deraila mpaka taa ya kijani ikaanza kuwaka polepole, nikashikilia cha shifta mpaka taa ikawaka harakaharaka, vikajuana. Nikabonyeza. Deraila ikalia ziii, cheni ikahama, na kidole hakikusikia kitu. Nilisimama pale uani nikibonyeza tu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi. Barabarani gia ndogo zilikuwa safi, ila nikipanda kwenye meno makubwa cheni inakwaruza, inasita, inaruka. Nikarekebisha: unashikilia kitufe cha shifta huku unabonyeza gia, deraila inasogea kidogo mno. Juu pakikaa sawa, chini panaharibika. Nikirudisha chini, juu panaharibika. Jioni tatu! Nikaanza kuamini wale waliosema umeme haufai huku kwetu. Kuna aliyenishauri niirudishe seti kwa aliyeniuzia.

Siku ya nne nikaipeleka kwa fundi wangu wa Igoma, mzee aliyenyoosha baiskeli za mtumba maisha yake yote. Hakuuliza habari ya betri. Alichuchumaa nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akasema, "Mwanangu, hanga imepinda. Umeme wako hauna kosa."

Hanga ni kile kikono kidogo cha alumini kinachobeba deraila. Kifaa maalumu cha kuinyooshea hana. Akaenda kwenye rundo lake akavuta gurudumu la nyuma la baiskeli ya mtumba, lile la ekseli yenye tundu katikati. Akatoa deraila yangu, kisha ncha ya ekseli akaikaza kwenye tundu la hanga kwa spana. Ikaingia kama imezaliwa pale! Uzi wa ekseli za namna hiyo na uzi wa hanga ni mmoja, milimita 10 kwa moja. Sasa baiskeli ikawa na magurudumu mawili ya nyuma, ubavu kwa ubavu. Hanga ikiwa imenyooka, rimu mbili zinakwenda sambamba pande zote. Akachukua spoku, akapima nafasi ya juu, ya chini, ya mbele na ya nyuma. Juu na chini zilitofautiana karibu sentimita mbili. Kwa jicho tu, hanga yenyewe ilionekana imenyooka kabisa.

"Shika hapa, sukuma kwa upole," akaniambia. "Alumini haipendi kupelekwa huku na huku, itakatika." Tukasukuma kidogo, tukapima, tukasukuma tena. Mara ya tano spoku ikagusa rimu zote mbili sawasawa. Elfu tano tu alichukua, nami nikamlazimisha apokee kumi. Tulivyorudisha deraila, gia zote 12 zilipanda na kushuka bila kelele.

Mvua tangu hapo imeninyea mara nyingi, gia hazijafa. Betri inajaa kwa saa moja hivi, hata kwa pawabenki umeme ukikatika. Nikivuka na kivuko cha Kamanga naichomoa, maana mtikisiko huiamsha deraila na chaji inaisha bure. Kwenye shifta kuna betri bapa ya CR2032, ile ya rimoti ya gari.

Jumapili iliyofuata nilitoka Kirumba, nikapita Pasiansi mpaka Igombe. Pale mwaloni nikaagiza sato wa kuchoma na ugali, nikanawa, nikakata tonge la kwanza kwa mkono wa kulia.