Nilivyoiondoa "it" ya ziada katika sentensi za Kiingereza

Kosa sugu katika insha za skuli hapa Chake Chake ni hili: "The boat which I boarded it at Mkoani was full." Chanzo ni Kiswahili chetu: boti niliyoipanda ina "i" ya mtendwa, na ni sahihi kabisa. Kiingereza hakiikubali, kwani "which" imeshashika nafasi hiyo.

Dawa ni kuivunja sentensi hiyo iwe mbili: "The boat was full. I boarded it at Mkoani." Katika ya pili, futa "it", weka "which", isogeze mwanzo wa kishazi, kisha kipachike chote baada ya "boat".

Koma nayo ni muhimu mno. "My brother, who lives in Wete" ni ndugu mmoja tu. Bila koma, wapo wengine. Baada ya koma hiyo usiweke "that".