Mexico kwa viza ya Marekani

Jamani nimerudi Lamu juzi na kuna jambo lazima niwaambie maana wengi hawalijui. Nilienda San Diego kumuona dada yangu kajifungua, na ile viza yangu ya matembezi ya Marekani ndio ikaniingiza mpaka Mexico, bila viza nyingine! Kabla sijasafiri ejenti mmoja alinishikilia kwamba lazima niombe viza ya Mexico na yeye atanishughulikia kwa pesa, iliniuma sana nilipojua ukweli, kwani Mexico wenyewe wanamkubali mtu mwenye viza ya Marekani ambayo haijaisha aingie kutembea, mwisho siku 180.

Basi tukapanda treni ya mjini mpaka San Ysidro, pale mpakani na Mexico, tukavuka kwa miguu. Afisa wa Mexico kaifungua paspoti, kaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa viza, kaweka kidole kwenye tarehe ya mwisho, kaniuliza nakaa siku ngapi, nikamwambia jioni narudi, kagonga muhuri. Hapo ndio moyo ukatulia.

Tijuana, mji wa Mexico ulio ng'ambo ya pili, nimeipenda wallahi, kuna mama anageuza tortiya kwa vidole juu ya chuma cha moto vilevile kama bibi na chapati zake, ila ni za mahindi.

Kurudi ndio kazi, foleni ndefu jua kali. Na hapa muangalie sana, viza yako ya Marekani iwe imeandikwa M palipoandikwa Entries, yaani ya kuingia mara nyingi, ukiwa na ya mara moja usivuke kabla ya kuuliza, unaweza kukwama ng'ambo na mizigo yako imebaki Marekani.